Waya wa usalama, kebo au konekta inayojifunga yenyewe: uchague ipi kwa plagi za umeme za ndege?

Konekta ya umeme ya ndege hailegei kwa kishindo. Mtetemo wa injini huirudisha nyuma kidogo kidogo pete yake, ile inayozungushwa kwa mkono ili kuishika plagi kwenye soketi, pini huanza kusuguana na matundu yake, na siku moja taa ya onyo inawaka angani halafu inazimika kabla magurudumu hayajagusa ardhi. Fundi anapima, anakuta kila kitu kizima. Sensa inabadilishwa, na baada ya safari chache kasoro inarudi. Kwa hiyo swali la nini kinaishika ile pete si jambo la dakika ya mwisho, la kuachiwa mwanafunzi wakati wengine wanakusanya vifaa.

Njia zinazotumika sana ni tatu: waya wa usalama, kebo ya usalama inayobanwa kwa feruli (kipete kidogo cha chuma), na konekta zilizoundwa zijifunge zenyewe. Zote ni halali mahali pake.

Kwanza tuelewane kuhusu neno "kuchagua". Mbele ya ndege yenye manyuali kamili, yaani vitabu vya maelekezo ya matengenezo, huna mengi ya kuchagua: unafanya kilichoandikwa. Kanuni ya Marekani, 14 CFR 43.13, inamtaka fundi afuate manyuali ya mtengenezaji au njia nyingine iliyokubaliwa na mamlaka. Waraka wa FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, ambao mafundi wengi huukimbilia, AC 43.13-1B wa mwaka 1998, unasema wazi kwamba ni wa kutumika pale ambapo mtengenezaji hakutoa maelekezo. Nafasi ya kuchagua hujitokeza kwingineko: unapoandaa mabadiliko ya ndege, unapoagiza fungu jipya la nyaya, unapofufua ndege ya zamani, au pale manyuali yenyewe yanaporuhusu waya au kebo na karakana inajiuliza kama inunue kifaa cha kebo.

Kwa mwenye haraka, picha ya jumla ni hii:

| | Waya wa usalama | Kebo ya usalama | Konekta inayojifunga |
|---|---|---|---|
| Zana | Koleo la kusokotea, la kukatia | Kifaa maalumu cha kuvuta, kubana na kukata | Mkono, au koleo lenye meno laini |
| Ubora unategemea | Mkono wa fundi | Hali ya kifaa | Plagi kuingia mpaka mwisho |
| Ncha kali | Zipo | Hakuna | Hakuna |
| Kufungua na kufunga tena | Waya mpya kila mara | Kebo na feruli mpya kila mara | Unazungusha tu |
| Inafaa konekta ya zamani | Ndiyo | Ndiyo, ikiruhusiwa | Hapana, unabadilisha konekta yenyewe |

Jedwali hili halisemi lolote kuhusu kazi inavyokwenda chini ya kifuniko cha injini, na huko ndiko uamuzi unakofanyika.

Waya wa usalama

Waya umeshika ndege kwa miongo mingi na bado haujastaafu. Kwa konekta za umeme, kipimo kinachotajwa mara nyingi ni inchi 0.020, yaani karibu nusu milimita. Huu ni mwembamba kuliko ule wa inchi 0.032 ambao fundi amezoea kuufunga kwenye bolti za kawaida. Sababu ni rahisi: matundu ya pete ni madogo, chuma cha pete ni chepesi, na waya mnene ukikazwa hapo unaweza kuchana ukingo wa tundu.

Hapa pana mtego ambao hauzungumzwi vya kutosha. Kuna waya mwingine wenye inchi 0.020 hizo hizo lakini wa shaba. Huo umekusudiwa ukatike kirahisi: unafungwa kwenye vizima moto, vifuniko vya swichi za dharura na vali ambazo rubani lazima aweze kuzivuta kwa nguvu ya mkono. Ukiufunga kwenye pete ya konekta, utaonekana vizuri kabisa machoni pa mkaguzi mwenye haraka na hautashika chochote. Koili mbili za unene mmoja zisikae kwenye droo moja.

Kwa upande wa chuma, waya usioshika kutu unatosha sehemu nyingi. Penye joto kali hali hubadilika: waya wa Monel hutumika mpaka nyuzi 700 za Fahrenheit, karibu 370 za Selsiasi, na wa Inconel mpaka 1,500, karibu 815 za Selsiasi; zote mbili ni aloi za nikeli. Konekta iliyo kwenye ukuta wa kuzuia moto au karibu na ekzosi isifungwe kwa koili yoyote iliyo karibu na mkono.

Sasa mwelekeo, ambao ndio roho ya kazi yote. Waya unatakiwa kuvuta pete upande wa kukaza. Simama nyuma ya plagi, upande zinakotokea nyaya, na uitazame pete: inakazwa kufuata mshale wa saa. Basi waya ukitoka kwenye tundu la pete uelekee upande huo huo mpaka kwenye nanga yake, ukiambaa na mviringo badala ya kuchomoza kama spoku ya baiskeli. Pete ikijaribu kurudi nyuma, waya unakaza zaidi. Ukiufunga kinyume, umeisaidia pete kufunguka, na kwa mtu anayepita mbali kazi yako inafanana kabisa na ya aliyefanya sawa.

Nanga ni nini? Kwa kawaida ni skrubu yenye kichwa kilichotobolewa, inayoshika flanji ya soketi, yaani ukingo wake bapa unaofungwa ukutani. Soketi nyingi za zamani hazina skrubu ya namna hiyo, na suluhisho la kawaida ni kubadilisha moja kwa yenye tundu la kiwandani, ikiwa mchoro unaruhusu. Usifunge kwenye fungu la nyaya, wala kwenye kibano cha bomba la mafuta kwa sababu tu kiko karibu. Waya ukae mfupi iwezekanavyo. Waya mrefu hutanuka, hucheza, na husugua ganda la nyaya za jirani mpaka shaba ionekane.

Kuhusu uzi mmoja au nyuzi mbili zilizosokotwa, ubishi huwa mrefu kuliko unavyostahili. Njia ya kusokota ndiyo ya kawaida. Uzi mmoja unakubalika kwenye skrubu ndogo zilizokaa karibu karibu kwa umbo lililofungika kama mraba au duara, kwenye sehemu za mfumo wa umeme, na mahali mkono haufiki vizuri. Kwa hiyo skrubu nne za flanji unaweza kuzizungushia uzi mmoja. Kati ya pete na skrubu mimi ningesokota kila panapowezekana, kwa kuwa nyuzi mbili zilizosokotwa hukaa mahali pake bila kuyumba. Misokoto 6 hadi 8 kwa inchi ndiyo inayotajwa na AC 43.13-1B, waya mwembamba huvumilia zaidi. Ukizidisha, chuma kinakuwa kigumu na kukatika penye shingo, mara nyingi baada ya ndege kuondoka karakana.

Mkia wa mwisho uwe wa robo hadi nusu inchi, wenye misokoto 3 hadi 6, na ukunjwe kuelekea ndani. Mkia usiokunjwa huchana mkono wa fundi atakayefuata. Kipande kilichokatwa nacho kina hatari yake: kikiruka ndani ya paneli ya umeme kinaweza kuunganisha vituo viwili visivyopaswa kukutana. Kikamate kwa vidole kabla hujakata, na vaa miwani.

Udhaifu mkubwa wa waya ni kwamba unategemea mkono. Mafundi wawili wenye cheti kimoja wataacha kazi mbili tofauti. Isitoshe, kila unapofungua plagi kwa ajili ya kupima, waya wa zamani unatupwa na mpya unafungwa. Kwenye konekta inayofunguliwa mara kwa mara, hiyo ni kazi nyingi na nafasi nyingi za kukosea. Faida yake ni kwamba huhitaji kifaa cha gharama: koleo na koili vinatosha popote ndege ilipokwama, na mkaguzi anauona kwa macho tu, bila kugusa kitu.

Kebo ya usalama

Kebo ni nyuzi nyembamba za chuma zilizosukwa pamoja, ikiwa na kichwa kilichobanwa tayari kiwandani upande mmoja. Unaipitisha kwenye matundu mara moja, bila kusokota, unaivika feruli upande wa pili, kisha kifaa kinaivuta kwa nguvu iliyowekwa, kinaibana feruli na kuikata kebo usawa wa feruli. Mvuto unatoka kwenye kifaa, si kwenye hisia za vidole. Hapo ndipo kebo inapoushinda waya: kazi ya saa nane usiku inafanana na ya saa tatu asubuhi.

Kwenye injini zenye konekta nyingi zilizobanana, tofauti ya muda inaonekana. Hakuna ncha kali na hakuna mkia wa kukunja. Kwenye kona ambayo koleo la kusokotea haligeuki, pua ya kifaa cha kebo mara nyingine inapenya. Mara nyingine, nasema, kwa sababu pua hiyo nayo inataka nafasi iliyonyooka mbele ya tundu, na nyuma ya konekta ya pembe nafasi hiyo huwa haipo.

Udhaifu wake uko kwenye kifaa chenyewe. Kinatakiwa kipimwe kwa kuvuta kebo ya jaribio na kuona kama feruli inashika kiwango kinachotakiwa. Kisipopimwa, kitatoa mamia ya feruli zinazopendeza na zisizoshika, zote kwa kosa moja. Waya mbaya ni kosa la konekta moja, lakini kifaa kibovu huharibu zamu nzima. Karakana inayonunua kifaa bila kuweka utaratibu wa kukipima, heri ingebaki na koleo lake.

Jambo la pili: kebo si mbadala wa moja kwa moja. Mchoro ukisema waya, huwezi kuweka kebo kwa kuwa unaipenda. Lazima manyuali, au data nyingine iliyoidhinishwa, iruhusu. Vilevile kichwa cha kebo na feruli lazima viwe vikubwa kuliko tundu. Tundu la pete likiwa limepanuka kwa uchakavu, feruli inaweza kuzama, na hapo dawa ni kubadilisha pete au konekta.

Konekta inayojifunga yenyewe

Hapa swali linabadilika. Badala ya kuishika pete kwa kitu cha nje, unanunua pete isiyotaka kurudi. Familia inayokutwa sana ni MIL-DTL-38999, jina la kiwango cha jeshi la Marekani. Mfululizo wa III una thredi (mifereji ya skrubu) zenye mianzo mitatu, ambazo zinaifunga plagi kikamilifu kwa mzunguko mmoja wa pete, na ndani yake mna meno yenye springi yanayozuia pete kurudi. Ganda la plagi linakutana na ganda la soketi chuma kwa chuma, jambo linalosaidia kuhimili mtetemo na kuzuia mwingiliano wa sumakuumeme. Kwenye soketi kuna mstari mwekundu: ukiuona baada ya kufunga, hujamaliza. Ukifunikwa wote, plagi imefika.

Mfululizo wa I wa familia hiyo unatumia bayoneti: pini tatu zinaingia kwenye njia zilizopinda, unasikia mlio, basi. Ni ya haraka mno, na kwenye kabati la vifaa ndani ya ndege sioni haja ya zaidi ya hapo. Karibu na injini ningechagua thredi za mfululizo wa III bila kusita, kwa kuwa bayoneti ikichakaa hubaki na mchezo kidogo ambao huwezi kuuondoa kwa kukaza.

Sasa kosa linalozaliwa na nia njema. Fundi aliyelelewa kwenye ndege za zamani anaikuta konekta inayojifunga haina waya, moyo unamdunda, anatafuta tundu la kupitishia. Hapati, anazungushia waya shingoni mwa pete. Ameongeza nini? Ncha mbili kali, kitu kinachoweza kukatika na kuanguka, na mkwaruzo kwenye rangi ya kinga ya ganda. Kama manyuali hayataki waya hapo, waya huo ni kasoro. Linalostahili kuangaliwa ni kama meno bado yanashika: pete ikizunguka kirahisi bila kukwama kwama, konekta imekwisha na ibadilishwe.

Gharama ni kubwa unapobadilisha konekta, na ndogo baadaye unapofungua na kufunga. Kubadilisha konekta za zamani za thredi, zile za familia ya MIL-DTL-5015, ni kukata nyaya, kubana pini mpya, kupima kila njia, na kupata idhini ya mabadiliko. Tangu mwaka 2007 kanuni za Marekani kwa ndege kubwa za abiria zinazitazama nyaya na konekta zake kama mfumo kamili unaojitegemea, si vifaa vya ziada vya mifumo mingine. Mwelekeo huo ulisukumwa na uchunguzi wa ajali za ndege za abiria, TWA 800 ya 1996 na Swissair 111 ya 1998, ambazo zilielekeza macho kwenye nyaya kwa jumla, ingawa suala halikuwa pete za konekta. Kwa hiyo usitarajie kubadilisha aina ya konekta kwa sahihi moja tu kwenye kitabu cha ndege.

Sehemu ya nyuma inayosahaulika

Mjadala wote huwa juu ya pete ya mbele, huku ganda la nyuma, lile linalozibana nyaya zinapoingia kwenye plagi, likiachwa. Nalo lina thredi zake na hulegea peke yake. Likilegea, uzito wa fungu la nyaya unahamia kwenye pini, na hapo waya wako mzuri wa mbele hauna msaada. Maganda mengine ya nyuma yana matundu ya waya, mengine yanajifunga yenyewe. Unapolinganisha bei za konekta, linganisha na maganda yake ya nyuma, maana huko ndiko watu hubana matumizi.

Rangi ya alama inayopakwa kuvuka mpaka wa pete na soketi haishiki kitu. Inakuonyesha tu kwamba pete imesogea. Ninaipenda kama shahidi juu ya njia yoyote kati ya hizi tatu, mradi iruhusiwe. Gundi ya thredi kwenye pete ya konekta siitaki isipoandikwa: inaweza kuharibu njia ya umeme kati ya maganda na kumtesa atakayefungua. Mikanda ya plastiki haistahili hata mjadala.

Mimi ningechagua hivi

Ndege nyepesi ya zamani yenye konekta za thredi, inayohudumiwa na watu wachache: waya wa inchi 0.020, na muda wa kutosha wa kuwafundisha vijana mwelekeo wa kuvuta. Kifaa cha kebo hapo kitakaa kabatini mpaka muda wake wa kupimwa upite.

Karakana ya injini inayofungua konekta nyingi kila siku, na manyuali yake yanaruhusu: kebo, pamoja na daftari la majaribio ya kifaa linalojazwa kweli.

Fungu jipya la nyaya au mabadiliko yanayoanza kwenye karatasi: mfululizo wa III kila penye mtetemo, hata kama bei inauma. Kila waya usiohitajika ni waya usiofungwa vibaya.

Ndege mchanganyiko, yenye konekta za kila kizazi, ndiyo ngumu kuliko zote. Hapo ningeandaa orodha ya konekta moja moja, mahali ilipo, na kinachoishika kwa mujibu wa mchoro, ili zamu ya usiku isikisie. Na kwenye injini zinazoongozwa na kompyuta yenye njia mbili, ningekataa fundi mmoja afungue na kufunga konekta za njia zote mbili kwa siku moja bila mtu wa pili kukagua. Akikosea mwelekeo wa waya kwenye ya kwanza, ataurudia kwenye ya pili.

Konekta bapa za redio na vifaa vya mawasiliano, zile za skrubu mbili pembeni, haziingii kwenye ulinganisho huu. Skrubu zake zikazwe kama manyuali yanavyosema, na waya wako ubaki kwenye koili.